Nilivyomsindikiza Ambakisye Milimita Tatu

Jana usiku niliota nimekuwa elektroni, na jambo la kwanza nililoulizwa ni kwa nini nimekuja na kandambili.

Aliyeuliza alikuwa birika. Ni lile birika la alumini la ofisi ya walimu, lenye mfuniko uliofungwa kwa waya, na ninalijua vizuri kwa sababu mimi ndiye ninayelisugua. Nimekuwa mtunza maabara wa shule ya wasichana hapa Tukuyu kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo yote birika halijawahi kunisemesha.

"Viatu vya kufunga viko mbali," nikalijibu.

"Haidhuru," likasema. "Elektroni hana miguu. Ilikuwa kujaza fomu tu. Jina?"

"Sekela."

"Elektroni hana jina," likasema birika, na likaandika hivyo hivyo. "Leo sikupewa chai. Leo nimepewa gesi ya heliamu. Mimi nitapuliza, wewe simama kwenye ukungu usubiri."

Likapuliza. Ukungu ukatoka mdomoni mwake, mweupe na wa baridi, ule wa mwezi wa sita ambao huku kwetu unamsikia mtu anakohoa na humwoni. Birika likaniambia kwamba upana wa ukungu huo, mwanzo hadi mwisho, ni milimita tatu. Nilitazama, sikuona mwisho wake.

Kabla sijaendelea ni lazima nieleze, maana mtu anaweza kudhani nililala na njaa.

Nina mdogo wangu, Ambakisye. Nilikuwa naye, niseme vizuri. Alisoma fizikia mpaka vitabu vya hapa vikamwishia, akaenda Ulaya, akaajiriwa kwenye maabara ambako wanawakimbiza elektroni kwa kupiga gesi na mwanga wa leza. Alipokuja likizo ya mwisho nikamwuliza, kwa ukali kidogo, huko unafanya nini hasa. Akachukua daftari la mazoezi akaniandikia yote kwa Kiswahili, na michoro ya penseli. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika: "Dada, elektroni nimewaandika kama watu ili usichoke." Aliniletea pia saa ya mkono. Niliipokea bila kusema asante kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Nilinuna kwa sababu alikuwa amesaini kukaa huko miaka mitano mingine, na aliniambia hilo siku ya saba ya likizo ya siku nane, tena tukiwa tunamenya ndizi, kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha.

Sasa, kwetu mgeni hatoki peke yake. Unamsindikiza. Kutoka mlangoni petu mpaka daraja la mbao ni dakika tano kwa mwendo wa mtu mwenye begi, na pale darajani mgeni anasema, "Haya, rudi sasa," nawe unarudi. Mpaka aseme yeye. Marehemu mama na jirani yake, Mama Lusajo, waliishindwa kabisa sehemu hiyo ya mwisho. Mama alikuwa akimfikisha Mama Lusajo kwake, Mama Lusajo anaona aibu kumwacha mama arudi peke yake, anamsindikiza mpaka kwetu, na mama naye anaona aibu vile vile, wanageuza tena, mpaka sisi watoto tunasikia harufu ya maharage yanaungua.

Asubuhi aliyoondoka Ambakisye nilikuwa nasugua sufuria ambayo ilikwisha kuwa safi. Akasimama mlangoni na begi lake. Akasubiri. Nikamwambia bila kugeuka:

"Njia unaijua."

Akaenda peke yake. Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye aliugua ghafla huko huko, akafa huko huko, akazikwa huko huko. Sisi tuliletewa picha. Huu ni mwaka wa tatu, na daftari lake nalisoma kila jioni baada ya kula. Yapo maneno mawili ambayo ningepewa nafasi ningeyarudisha mdomoni niyameze, na wewe umeshayasikia.

Basi, niko kwenye ukungu.

Nimekaa juu ya figa. Mbele yangu kuna figa jingine, na nyuma yake jingine, mafiga mengi yasiyo na hesabu, yamepangwa mpaka ukungu unapoyameza. Kila moja limekaliwa na elektroni wawili, kwa sababu hii ni heliamu, na ukurasa wa tano wa daftari unasema kila kiini cha heliamu kina wawili. Mwenzangu amenipa mgongo kadiri anavyoweza.

Figa langu lina masizi upande mmoja na pengo mahali palipoangukiwa na mchi. Ninalijua. Ni letu, la jikoni kwa mama.

"Shikamoo," nikalisalimia.

"Marahaba," likasema figa. "Tulia. Huna pa kwenda."

"Namtafuta mdogo wangu."

"Sisi hatutafuti mtu. Sisi tunakaa na joto letu, wenye kurudi wanarudi."

"Na asiporudi?"

Figa lilifikiri kwa muda mrefu, maana ni zito katika kila jambo. "Tunakaa," likasema.

Saa yangu ya mkono, ile aliyoniletea, ikakohoa. Niseme hapa kwamba saa hii ni ya kuaminika. Kila asubuhi naipima na redio, taarifa ya habari ya saa kumi na mbili, na kwa miaka yote hii haijawahi kupishana nayo hata nusu dakika. Kengele ya shule inagongwa kwa saa hii.

"Nasikia kuna kukimbia," saa ikasema. "Mimi nakuambia mapema. Ukikimbia sana, nitachelewa. Usije ukanilaumu mbele za watu."

"Hujawahi kuchelewa."

"Hujawahi kukimbia," ikanijibu.

Ndipo alipokuja Bwana Mpigo. Alivaa koti refu la rangi isiyoonekana kwa macho ila unahisi joto lake shavuni, na shingoni alining'iniza filimbi. Akapanda juu ya kiti, akakunjua karatasi.

"Mimi ni Mpigo wa Mwanga," akasoma. "Nimetumwa na leza. Maisha yangu yote ni femtosekunde thelathini. Chukua sekunde moja, ikate vipande milioni. Chukua kipande kimoja, kikate vipande bilioni. Mimi nina hivyo thelathini. Kwa hiyo nitawaomba tusipoteze muda. Kwanza, tusimame kwa heshima."

Tukasimama kwa heshima. Akasoma kurasa nne. Alisema kwamba atapita katikati ya ukungu, na kwa kupita kwake sote tutang'oka kwenye mafiga na kusukumwa pembeni. Nyuma yake patabaki uwazi mkubwa wenye mafiga matupu. Nyuma ya uwazi huo kutakuwa na wimbi. Atakayewahi wimbi atakimbizwa mpaka mwisho wa ukungu na kutoka nje, na atakayetoka nje harudi. Atakayechelewa atabaki. Maswali hakuna.

Nikanyoosha mkono.

"Nimesema maswali hakuna."

"Si swali, mheshimiwa, ni ombi. Mdogo wangu yumo humu, na najua anaondoka. Naomba kumsindikiza."

Bwana Mpigo akatafuta kwenye karatasi zake. "Kusindikiza," akasema. "Halimo. Ni nini?"

"Unatembea na mtu anayeondoka, kipande cha njia, kisha unarudi."

"Kwa hiyo wewe unakwenda mahali usipokwenda."

"Ndiyo."

"Kwa faida gani?"

"Asiende peke yake."

"Halafu wewe unarudi peke yako."

"Ndiyo."

"Basi upweke haujapungua, mmeugawana," akasema Bwana Mpigo, na nikaona anaandika pembeni mwa karatasi. "Kwetu jambo hili halijafanyika. Mimi natangulia, wengine wananifuata. Hakuna aliyewahi kuwa ubavuni pangu." Akaikunja karatasi. "Una muda mpaka nipulize filimbi. Mtafute huyo mdogo wako. Lakini nakuonya, humu watu wote wanafanana."

Alikuwa hasemi uongo. Ukurasa wa kumi na moja unasema elektroni wote wanafanana kabisa, hakuna hata mmoja mwenye alama. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi, nikauona ni wa kawaida. Sasa ninapita kati ya mafiga nikitazama nyuso, na kila uso ni uleule, uso wa mtu uliyewahi kupanga naye foleni posta. Nikiwakaribia wanarudi nyuma, nami narudi nyuma, maana elektroni kwa elektroni wanasukumana, na kadiri unavyosogea ndivyo unavyosukumwa.

"Ambakisye!" nikaita.

Hakuna aliyegeuka. Elektroni hana jina.

Nikaita jina la utani la shuleni. Nikaita jina alilopewa na bibi. Nikasema, "Mwanangu, ni mimi Dada Sekela." Milimita tatu nzima za watu, wote wananitazama kwa adabu kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba.

Bwana Mpigo akaiweka filimbi mdomoni.

Ilikuwapo njia moja tu, na niliijua tangu mwanzo, nilikuwa naizunguka. Yapo maneno ambayo humu ndani anayajua mmoja peke yake. Nikafumba macho kwa aibu.

"Njia unaijua," nikasema.

Mmoja akageuka.

Alikuwa kwenye figa la mbali, mgongo wake kwangu, na aligeuka taratibu, kama alivyokuwa akigeuka utotoni ukimwita akiwa anasoma. Uso ulikuwa uleule wa posta. Lakini aliinamisha kichwa kushoto, na hapo nikamjua.

"Naijua, Dada," akasema. "Nilikuwa nasubiri wa kwenda naye."

Nikamkimbilia. Nilitaka kumkumbatia, na hapo kanuni ikafanya kazi yake. Nilipobakiza hatua mbili kitu kikanisukuma kifuani, nikarudi nyuma nikakaa kitako. Nikainuka, nikajaribu kwa ubavu. Nikasukumwa. Nikajaribu kwa mgongo, kinyumenyume, nikidhani kanuni haitaniona. Ikaniona.

"Tukisimama hatuwezi," akasema Ambakisye. "Ukurasa wa ishirini na mbili, Dada. Hukuufikia?"

"Nimeusoma mara mia. Michoro yako mibaya."

Akacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile kwa miaka minne, na nilikuwa nimeanza kukisahau upande wa mwisho, pale anapovuta pumzi. Nikakaa pale chini kwenye ukungu nikikisikiliza mpaka kikaisha.

Filimbi ikalia.

Bwana Mpigo anapita. Sijui niseme nini juu ya kupita kwake. Joto lote la mafiga yote ni kidogo mbele yake. Tunang'oka. Figa letu linasema "taratibu jamani" na mimi tayari niko pembeni, nimesukumwa pamoja na wote waliokuwa katikati, na pale tulipokuwa pamebaki mafiga matupu, yanafuka moshi, yanatuita.

Nataka nieleze wito huo, maana ndio mashine yenyewe. Mafiga hayapazi sauti. Yanakaa tu, na wewe unayatazama, na ghafla huwezi kukaa mbali nayo. Nilitamani kurudi kama nilivyotamani kurudi nyumbani mwaka ule niliopelekwa bweni nikiwa na miaka tisa. Wote tulitamani. Tukageuka sote kwa pamoja, tukarudi kwa mbio, tena mbio kupita kiasi, tukapitiliza mpaka upande wa pili. Tukageuka tena. Tukapitiliza tena.

"Umeona?" Ambakisye ananiambia kwa sauti kutoka ng'ambo. "Hilo ndilo wimbi! Hakuna kitu kingine! Ni watu wanaotaka kurudi nyumbani na hawajui kusimama!"

Mama na Mama Lusajo, nikawaza. Maharage yanaungua.

"Sasa, Dada! Ingia kwa nyuma!"

Tukaingia. Tuko nyuma ya ule uwazi, mgongoni wimbi, mbele mafiga yanaita, na mbele ya mafiga yuko Bwana Mpigo na koti lake, haangalii nyuma. Tunakimbilia mafiga na mafiga hayafikiki, maana uwazi wote unakwenda. Kila hatua tunaongeza mwendo. Ambakisye aliandika kwamba mashine za zamani zingehitaji chombo chenye urefu wa madarasa mawili kumfikisha elektroni kwenye kasi hii, na wao wanaifikia ndani ya milimita tatu kwa sababu mvuto ni mkali hivyo. Niliposoma nilidhani anajisifu.

"Nimeanza kuchelewa," saa ikasema mkononi. "Nimekuambia."

"Chelewa," nikaiambia.

Na hapo, bila mtu kututangazia, ukungu ukawa njia yetu. Ile njia ya nyumbani. Kushoto mashamba ya chai, kulia migomba ya Mama Lusajo, chini udongo mwekundu wenye alama za baiskeli. Asubuhi. Ambakisye amebeba begi lake begani, na mimi nina kandambili, na tunatembea. Tunatembea tu, ingawa ni kasi ya kukaribia mwanga.

Nikamsogelea kwa tahadhari. Hatua mbili. Moja. Nikasubiri kusukumwa. Sikusukumwa.

"Ukurasa wa ishirini na mbili," akasema. "Elektroni wakikimbia pamoja, sambamba, kwa kasi ya namna hii, kusukumana kunapungua mpaka karibu kuisha. Ni kweli kabisa, nimepima mwenyewe."

"Kwa hiyo mpaka mtu atembee nawe."

"Mpaka atembee nami, ndiyo."

Nikaushika mkono wake. Ulikuwa na ile sugu ya penseli kwenye kidole cha kati. Sikuwa na haraka ya kusema lolote, na tulipita migomba mitano hivi bila neno.

"Walikuzika vizuri?" nikauliza.

"Vizuri. Ila kwa ratiba. Saa nne na robo mpaka saa tano kasoro robo. Mchungaji alikuwa anaibia kutazama saa."

"Nani alikusindikiza?"

"Wenzangu wanne wa maabara. Na yule mama mwenye nyumba. Alivaa gauni la bluu, hakuwa na jeusi."

"Mungu ambariki."

"Alikuwa akinigombeza kama wewe. Nilipanga pale kwa sababu hiyo."

Tukapita kwenye jiwe la kupumzikia. Zilibaki kama dakika mbili, au nusu milimita, au vyote viwili.

"Ambakisye," nikasema, "yale maneno."

"Yapi?"

"Usinifanye mtoto."

"Ninayo maneno yako mengi, Dada. Taja."

"Ya sufuria."

"Yaliniuma," akasema. "Sitakudanganya. Mpaka Mbeya mjini nilikuwa na hasira. Kwenye ndege nikalia, mpaka mama mmoja nisiyemjua akanipa karanga zake zote."

Nilistahili hilo, nikalipokea.

"Kisha," akaendelea, "siku moja leza ilitusumbua toka asubuhi. Mwanga haunyooki. Tukageuza vioo, tukafuta vioo, wapi. Nikaupigia kelele kwa Kiswahili: njia unaijua! Ukanyooka. Tangu siku hiyo, Dada, hakuna aliyewasha leza ile bila kusema hivyo kwanza. Wote wanasema. Kuna mmoja mrefu kama mlingoti, hajui hata kusema habari za asubuhi, lakini hilo analitamka sawasawa. Asubuhi anasema njia unaijua, anabonyeza, leza inaanza kupiga. Mara kumi kwa sekunde, mpaka jioni."

"Na wewe ulikuwa unajisikiaje?"

"Nilikuwa nakusamehe," akasema. "Mara kumi kwa sekunde, mpaka jioni."

Nikalia. Ukurasa wa thelathini unasema elektroni akitikisika akiwa kwenye kasi hiyo hutoa miale ya eksirei, na ni kweli, kila nilipotikisika kwa kwikwi niliiona mifupa ya mkono wake ndani ya mkono wangu, yote ishirini na saba, mizima na myembamba. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu kwa karibu namna ile. Nikaitazama mpaka kwikwi zikapungua na mkono ukawa mkono tena.

Tukafika kwenye daraja la mbao.

Bwana Mpigo alikuwa amekaa kwenye ubao wa kwanza. Koti lake lilikuwa limechakaa mpaka unaona mto upande wa pili. Nguvu zake zote alikwisha kulipatia wimbi, na wimbi lilikwisha kutupatia sisi.

"Hapa ndipo mwisho wa ukungu," akasema bila karatasi. "Mbele ni utupu. Mwenye kwenda, aende moja kwa moja. Mwenye kusindikiza, naona sasa ndio wakati wa ile sehemu ya kurudi."

Mbele ya daraja hapakuwa na ng'ambo ya mto, wala shule, wala barabara ya lami. Palikuwa na weupe ulionyooka.

"Hatua mbili zaidi," nikamwambia Ambakisye.

"Ukiongeza hatua mbili," akasema, "nitaona aibu kukuacha urudi peke yako. Nitakurudisha mpaka mlangoni. Utaona aibu, utanisindikiza tena. Nani ataokoa maharage?"

"Yaungue."

"Dada."

"Yaungue, Ambakisye. Mimi siyajali maharage. Nimekaa miaka mitatu nasugua sufuria ile."

Alinitazama na kile kichwa chake cha kuinamia kushoto. Nyuma yangu figa letu lilikuwa likiita, nililijua ni letu hata bila kuliona lile pengo, nalisikia mgongoni joto lake. Mbele yangu alikuwa yeye. Nilitaka aniambie twende. Ningekwenda, sitasema uongo hapa, ningekwenda na kandambili zangu na nisingeuliza ni wapi.

Akabadilisha begi bega. Akasema kama wanavyosema wageni wote, kwa ile sauti ya kawaida kabisa:

"Haya, rudi sasa."

Na ikisemwa, imesemwa. Nikauachia mkono. Akavuka ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakugeuka kwa sababu hakukuwa na la kugeukia, kila kitu tulikuwa tumekisema. Alikwenda amenyooka. Nilisimama mpaka sikumwona.

Bwana Mpigo alibakiwa na femtosekunde mbili. Nilikaa naye kwenye ubao, ubavu kwa ubavu, mpaka zikaisha. Akanishukuru.

Kurudi nilitembea pole pole, kama mtu asiye na shughuli, na figa lilinivuta njia nzima.

Nikaamka. Redio ya jirani ilikuwa ikipiga ile milio ya saa kumi na mbili asubuhi, pii, pii, pii, kisha habari ikaanza. Nikanyoosha mkono, nikaitazama saa yangu kama ninavyofanya kila siku.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Nikaiweka sikioni. Inatembea. Nikadhani ni betri, nikaingoja mpaka habari ya saa moja, nikapima tena. Ilipungua dakika zilezile tano, hata nukta moja haikuongezeka. Ilikuwa nzima, inakwenda vizuri kabisa, ila mahali fulani katika usiku ule ilikosa dakika tano, basi. Nikachukua daftari, nikafungua ukurasa wa kumi na tisa, pale alipoandika kwa penseli kwamba mtu akikimbia karibu na kasi ya mwanga, dakika zinazopita nyumbani hazipiti kwenye saa yake.

Kutoka mlangoni petu mpaka darajani, kwa mwendo wa mtu mwenye begi. Kurudi hakukuhesabiwa, kwa sababu kurudi nilitembea.

Sikuirekebisha. Nikanywa chai, nikaenda shuleni, na kengele nikaigonga kwa saa yangu, kama kawaida.

Madamu Kibona, mwalimu mkuu wetu, alinifuata mpaka mlango wa maabara. Yeye ana saa ya ukutani ofisini kwake.

"Sekela, leo kengele imechelewa dakika tano. Tangu nimekuja hapa haijawahi. Kuna nini?"

"Nisamehe, Madamu. Nilikuwa namsindikiza mtu."

Huku kwetu hilo linatosha. Hakuniuliza ni nani, wala ni saa ngapi hiyo ya kusindikizana. Aliuliza kile ambacho yeyote angeuliza.

"Umemfikisha?"

"Nimemfikisha."

"Haya," akasema, na akaenda kuwahimiza wasichana waingie darasani.